Mwili haujazoea dawa: habari ya protini zinazocheza na watu ambao kazi yao ni kuziangalia

Juzi mjomba katupia voisi kwenye grupu la familia, ile yenye alama kwamba imeshaforwadiwa mara nyingi, kuna mtu humo anaongea kwa kujiamini kabisa eti dawa ya mseto ya malaria imekwisha nguvu kwa sababu miili ya watu wa Kagera imeizoea, na sisi wengine tunafuata. Hata voisi haijaisha shangazi keshajibu kwamba ni kweli, hata yeye Panadol siku hizi haimshiki mpaka ameze nne. (Shangazi, nne hapana, lionee huruma ini lako.) Binamu yangu wa form six yeye kauliza swali moja tu: mwili unazoeaje dawa ambayo kazi yake ni kumuua mdudu mwingine? Nikaanza kumjibu kwa kidole gumba, nikafuta, nikaanza tena, mwisho nikaona ni bora nikae chini niandike yote.

Tuanze na maneno maana hapo ndo fujo inapoanzia. Mwili kuzoea dawa ni kitu cha kweli kabisa, mlevi anajua, mgonjwa aliyekaa na mofini muda mrefu anajua, kipimo kilekile hakifanyi tena kazi ya mwanzo. Hapo aliyebadilika ni wewe. Usugu ni kitu kingine, aliyebadilika ni mdudu, wewe ni nyumba tu anamoishi. Mtoto wa miezi minane ambaye hajawahi kuonja ALu, yaani hiyo dawa ya mseto, maishani anaweza kuumwa na mbu leo usiku akapokea vimelea ambavyo tayari ni sugu, sasa huyo mwili wake umezoea nini? Na Panadol usiiweke kabisa kwenye hesabu hii, paracetamol haiui mdudu wa aina yoyote, inatuliza maumivu na homa basi.

Sasa tukishakubaliana kwamba anayebadilika ni mdudu, swali ni anabadilika wapi. Jibu kwa sehemu kubwa ni kwenye protini zake, na hapa naomba usahau kidogo protini ya maharage na mayai. Fikiria uzi wa shanga. Shanga ziko aina 20, zinaitwa amino asidi, na kila protini ni uzi wenye mpangilio wake, nyekundu, nyeupe, nyeupe, bluu, na kadhalika mpaka mwisho. Tofauti na shanga za kiunoni, huu uzi ukishatungwa unajikunja wenyewe unakuwa kama kifundo chenye mabonde na mifuko, na ni ndani ya hiyo mifuko ndo kazi inafanyika: kukata kitu, kuunga kitu, kupitisha kitu. Ukibadili ushanga mmoja tu mambo yanaweza kugeuka kabisa. Selimundu ni hivyohivyo, kwenye uzi wa shanga 146 wa himoglobini ushanga wa 6 umekuwa mwingine, na mtu anaumwa maisha yake yote.

Dawa nyingi ni molekuli ndogo inayoingia kwenye mfuko wa protini ya mdudu na kuukalia ili kazi isifanyike. Shuleni tulifundishwa mfano wa kufuli na ufunguo, na sio mbaya, ila una uongo ndani yake. Kufuli limetulia. Protini haitulii hata kidogo, atomu zake zinatikisika muda wote, milango inafunguka na kufunga, mifuko inatokea na kupotea. Ile picha nzuri ya rangirangi unayoiona kwenye vitabu ni sawa na picha ya mnato ya kipa akiwa hewani mikono imenyooka. Haikwambii kama alidaka. Ukitaka kujua inabidi upate video.

Na hapa ndo wanaingia wanabaiofizikia wa kompyuta, watu ambao kazi yao ni kutengeneza hiyo video. Hakuna kamera inayoweza kufuata kila atomu ya protini inavyotembea, kwa hiyo wanaihesabu. Unaipa kompyuta mahali ilipo kila atomu, unaipa kanuni za jinsi zinavyovutana na kusukumana, inapiga hesabu ya nguvu, inasogeza kila atomu kidogo, inapiga hesabu upya, inasogeza tena. Kila hatua ni kama femtosekunde 2. Femtosekunde kwa sekunde moja ni sawa na sekunde moja kwa miaka milioni 31 na ushee, kwa hiyo ukitaka mikrosekunde moja tu ya video (sehemu moja ya milioni ya sekunde) unahitaji hatua milioni 500, na kila hatua inagusa makumi ya maelfu ya atomu pamoja na maji yaliyoizunguka protini.

Mmoja wa walioanzisha kazi hii ni Mmarekani anaitwa J. Andrew McCammon, na nimemchagua yeye kwa sababu safari yake inaanzia kwenye kitu ambacho wengi walikiona mchezo na inafika mpaka karibu na kidonge. Mwaka 1977 akiwa kijana aliyetoka kumaliza PhD yake pale Harvard, yeye na Bruce Gelin na bosi wao Martin Karplus walitoa simulesheni ya kwanza ya protini, yaani video ya kwanza ya namna hii. Ilikuwa protini ndogo ya kongosho la ng'ombe yenye shanga 58, haikuwekwa kwenye maji, na video yote haikufika pikosekunde 10 (pikosekunde moja ni femtosekunde 1,000), yaani ni ndogo kiasi kwamba hata kusema kufumba na kufumbua ni kutia chumvi. Lakini ilionyesha kitu kimoja kikubwa: ndani ya protini sio kama jiwe, ni kama kimiminika. Karplus alikuja kupata Nobel ya kemia 2013 pamoja na Michael Levitt na Arieh Warshel kwa misingi ya hesabu za namna hii. McCammon alienda Houston, halafu 1995 akahamia San Diego.

Kabla sijaendelea naye naomba turudi nyumbani kwanza, maana mfano mzuri kuliko yote wa usugu tunao wenyewe. Mnaikumbuka SP? Fansidar, vidonge vitatu unameza mara moja unamaliza. Tanzania tuliiingiza 2001 baada ya klorokwini kushindwa, na miaka michache tu baadaye nayo ikawa imechoka tukahamia mseto. Nusu ya SP ni dawa inaitwa pyrimethamine, na yenyewe inakalia mfuko wa kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha kimelea kinachoitwa DHFR, ambacho kimelea bila hicho hakiwezi kutengeneza DNA yake. Mwaka 2003 timu ya Yongyuth Yuthavong kule Thailand ikatoa picha ya kimeng'enya hicho, na ukiiangalia kwa karibu unaona kisa chote. Ushanga wa 108 ulikuwa serini, mdogo, mfupi. Kwa vimelea sugu umekuwa asparajini, ambayo imezidi kidogo tu kwa ukubwa. Pyrimethamine ni dawa ngumu, haikunjiki, na kwenye ncha yake ina atomu moja ya klorini ambayo zamani ilikuwa inaenea vizuri pale, sasa inagonga kwenye ule ushanga mpya. Ni kama umenunua kabati linaingia chumbani sawasawa, halafu mwenye nyumba akaongeza plasta ukutani, sentimita mbili tu, kabati haliingii.

Chakula chenyewe cha kimeng'enya, yaani molekuli ambayo kinaifanyia kazi, hakifiki ile kona ya klorini, kwa hiyo kimelea kinaendelea kula kama kawaida huku dawa imefungiwa nje. Huo ndo mtego wa usugu wote, mdudu hawezi kubadilika hovyo tu maana akiharibu mfuko kabisa atakufa mwenyewe, lazima apate badiliko linaloizuia dawa lakini linaruhusu chakula. Celia Schiffer wa Massachusetts amejenga kazi yake kubwa kwenye wazo hili kwa protini ya kirusi cha UKIMWI inayoitwa protease: dawa isitokeze nje ya nafasi ambayo chakula chenyewe kinaikalia, kwa sababu kila sehemu ya dawa inayotokeza ni mahali pa mdudu kukushika. Na timu ya Thailand ilitumia wazo hilohilo kutengeneza P218, molekuli yenye kiungo laini katikati, inapinda, kwa hiyo ikikutana na plasta inajisogeza. P218 imeshafika hatua ya kujaribiwa kwa watu, ila usiende kuiulizia famasi, haipo.

Kuna watu wataniambia kwa hiyo vidudu vina akili. Hapana, havina. Chukua kirusi cha UKIMWI, maandishi yake yote ya jeni hayafiki herufi 10,000, na yanakopiwa na mashine isiyorudi nyuma kuangalia makosa. Mtu ambaye hajaanza dawa anaweza kuzalisha virusi kama bilioni 10 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe, kila kosa la herufi moja linalowezekana linatokea ndani ya mtu mmoja karibu kila siku, mengi ya ovyo kabisa, lakini likiwepo moja linaloizuia dawa basi siku dawa ikiingia ndo linabaki peke yake uwanjani. Dawa haikuzalisha usugu, iliwaondoa wenzake. Ndo maana wanachanganya dawa tatu, kosa moja halitoshi kuzikwepa zote, na ndo maana kurukaruka dozi ni hatari, unabaki na dawa kidogo damuni ya kutosha kuwaua wanyonge lakini haitoshi kwa wale walioanza kubadilika.

Turudi kwa McCammon. Miaka ya 1980 yeye na wenzake walikuwa kati ya waliotengeneza njia ya kukadiria badiliko moja litapunguza mshiko wa dawa kwa kiasi gani, na wazo lake ni lilelile la kliniki ya watoto. Mtoto hataki kutulia kwenye mzani, unampima mama akiwa amembeba, unampima mama peke yake, unatoa. Kwenye kompyuta unabadili ushanga mmoja taratibu kuwa mwingine dawa ikiwa mfukoni, halafu unarudia badiliko hilohilo dawa ikiwa haipo, tofauti ya hesabu mbili ndo jibu lako. Ukisikia mtu anasema kompyuta imetabiri usugu mara nyingi anaongelea ndugu wa hesabu hii, na sio kwamba inalenga sawasawa kila siku, inakosea, inategemea ulianza na picha nzuri kiasi gani na uliiacha video iende muda gani.

Halafu 2004 kikatokea kisa ambacho watu wa fani hii hawaachi kukisimulia. Kirusi cha UKIMWI kina kimeng'enya kinaitwa integrase, kazi yake ni kuzipachika jeni za kirusi ndani ya DNA yako, na wakati ule hakukuwa na dawa hata moja sokoni ya kukizuia. Timu ya McCammon ikachukua picha iliyokuwepo, ikaiachia itembee kwenye kompyuta, na pembeni ya mfuko unaojulikana ukawa unafunguka mfereji ambao kwenye picha ya mnato haupo. Wakaonyesha kwamba dawa ingeweza kukaa hapo pia. Mwaka 2007 kampuni ya Merck ikapata kibali Marekani cha dawa ya kwanza ya aina hiyo, raltegravir.

Ukisoma haraka utasimuliwa kwamba kompyuta iligundua dawa. Mimi hapo huwa napunguza spidi. Wanakemia wa Merck walikuwa kwenye integrase miaka kabla ya huo mfereji, na sehemu kubwa ya mbegu ya raltegravir ilitoka kwenye maabara yao ya Pomezia karibu na Roma, walikokuwa wanatafuta dawa ya homa ya ini C, kitu kingine kabisa! Simulesheni iliwapa watu sababu ya kufikiria upya umbo la mfuko, na hilo ni jambo kubwa bila kuliongezea chumvi. Picha halisi ya dawa hizi zikiwa zimekaa mahali pake ilikuja 2010, tena kwa integrase ya kirusi jamaa yake, sio chenyewe.

Sasa hapa ndo mtikisiko unapogeuka kuwa jambo la kidonge. Dolutegravir, ile D kwenye TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu za UKIMWI ambacho mamilioni ya watu Afrika Mashariki wanameza kila siku, ni mdogo wake raltegravir, inakaa mfuko uleule na inashika madini yaleyale mawili ya magnesiamu ndani yake. Tofauti kubwa ni muda. Walipopima maabara inachukua muda gani nusu ya dawa iliyokaa kuachia, raltegravir ilikuwa masaa 8.8, dolutegravir ilikuwa 71. Karibu siku tatu. Kirusi kikipata badiliko linalolegeza mfuko, raltegravir inatoka mapema, dolutegravir inapungua lakini bado inabaki na akiba ya kutosha kwa mabadiliko mengi. Sio kwamba haishindwi, usugu wake upo na WHO walitoa tahadhari 2024, lakini ni mgumu kuupata kuliko wa dawa za zamani kama efavirenz ambayo badiliko moja tu, kwenye ushanga wa 103 wa protini yake, lilitosha kuimaliza.

Na kwa sababu inashika madini, ndo maana kliniki wanakuambia usiichanganye kiholela na dawa za kiungulia au vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu, chuma na magnesiamu vinaikamatia tumboni kabla haijaingia damuni. Watu wengi nimesikia wanadhani ni masharti tu, kama yale ya usile ndizi. Hapana, ni kemia ileile ya mfukoni, imetokea mahali pasipotakiwa. Utaratibu wa masaa muulize mtoa dawa wako.

Haya, Kagera. Voisi ya mjomba haikuzuliwa yote. Ilianza Rwanda, mwaka 2020 watafiti walieleza vimelea vyenye badiliko kwenye ushanga wa 561 wa protini inaitwa kelch13, Uganda nako wakapata mabadiliko mengine kwenye protini hiyohiyo, na utafiti wa Karagwe, huko huko Kagera, uliochapishwa 2024 ukaonyesha lile la Rwanda lipo kwetu na kwamba vimelea vinachelewa kuisha damuni, siku ya tatu bado baadhi ya wagonjwa wanavyo. Wataalamu wanauita usugu wa sehemu, na neno hilo sio la kupamba. Katika utafiti huohuo ALu bado iliponya zaidi ya asilimia 90, kwa sababu mseto ni dawa mbili, ile ya artemisinini inafyeka haraka na mwenzake lumefantrini anabaki anasafisha. Wasiwasi ni kwamba mwenzake anabebeshwa mzigo mkubwa zaidi, na naye akija kuchoka ndo tutakuwa na tatizo la kweli.

Kinachonifurahisha kwenye kelch13 ni kwamba haihusu kufuli kabisa. Artemisinini inaingia ikiwa imelala, inaamshwa na chuma kinachotoka pale kimelea kinapomeng'enya himoglobini yako. Kimelea chenye badiliko kinakunywa himoglobini kidogo zaidi kikiwa kichanga, kwa hiyo dawa haiamki vya kutosha. Kinajinyima chakula kwa makusudi, au ningesema makusudi kama kingekuwa na akili. Klorokwini nayo ilishindwa kwa njia yake, protini ya mlangoni iliyobadilika ushanga wa 76 ikawa inaitoa dawa nje kama konda anayeshusha abiria asiye na nauli. Na badiliko lile lina gharama kwa kimelea: Malawi waliacha klorokwini 1993, na jaribio la 2005 likakuta inaponya tena karibu kila mtu, vimelea vya kawaida vilikuwa vimerudi kutawala.

Swali ambalo najua linakuja: si siku hizi kuna akili bandia, si AlphaFold imemaliza kazi na watu wake wakapewa Nobel 2024? AlphaFold ni ajabu kweli, unaipa mpangilio wa shanga inakupa umbo. Lakini kwa sehemu kubwa inakupa yule kipa hewani. Ukiipa uzi ule na ushanga mmoja umebadilishwa mara nyingi inakupa umbo karibu lilelile, na usugu umejificha kwenye tofauti ambayo inaonekana vitu vikitembea. Kwa hiyo wa video bado wana kazi, na wana mashine kubwa zaidi, 2010 kundi la D. E. Shaw kule New York waliichukua protini ileile ya kongosho la ng'ombe wakaipa video ya milisekunde nzima, zaidi ya mara milioni 100 ya ile ya 1977.

Ila kuna jambo moja linanikera. Kirusi cha UKIMWI kina makundi, na dawa nyingi pamoja na picha nyingi za protini zake zilitokana na kundi B, la Ulaya na Marekani. Huku kwetu ni A, C na D, ambazo shanga zao zinatofautiana hapa na pale hata kabla ya dawa yoyote kuingia. Dawa zinafanya kazi, ndio, lakini njia ambazo kirusi cha Mbeya kinapita kuelekea kwenye usugu si lazima ziwe zilezile za kirusi cha San Francisco, na mtu wa kukaa na swali hilo hatatoka San Francisco. Afrika Kusini wanakaa nalo, Özlem Tastan Bishop na timu yake chuo cha Rhodes wametengeneza hata programu za kuchambua mtikisiko wa protini zikiwa na mabadiliko, wazi kwa yeyote, na wana kompyuta kubwa pale Cape Town inaitwa Lengau, yaani duma kwa Kitswana.

Binamu aliposoma rasimu ya haya akaniuliza kazi hiyo inasomewa wapi, yeye yuko PCM (fizikia, kemia na hesabu) na alishakata tamaa kwamba bila PCB, ile yenye bailojia, mambo ya dawa sio yake. Nikamwambia nusu ya watu wa fani hii walianzia fizikia na kemia, bailojia waliikuta njiani, na kwamba GROMACS, programu ya kutengeneza hizi video iliyozaliwa Groningen Uholanzi, ni ya bure, asinisumbue ajaribu. Akaidownload kwenye laptop ya zamani ya kaka yake na somo la kwanza ambalo karibu kila mtu anaanza nalo, protini ya ute wa yai la kuku ndani ya maji. Saa tatu usiku feni ikaanza kunguruma, mama yake akaja kuuliza anachoma nini, saa saba umeme ukakatika na betri haipo, lakini programu hujihifadhi yenyewe kila dakika 15 kwa hiyo umeme uliporudi akaendelea alipoishia. Asubuhi kanitumia picha ya skrini na kionjo cha video, kitu kinatetemeka kama jeli. Nanosekunde moja. Zaidi ya mara mia ya ile ya 1977, na yake ina maji.